Dresa Aonja Sindano

Goti la Ngumbao lilikuwa limelegea. Kuvimba lilivimba, kuuma liliuma, lakini hasa lilikuwa limelegea kama bawaba ya mlango wa choo: ukilisukuma huku linaenda, ukilivuta kule linarudi. Mwenyewe alipenda kuwaonyesha wageni. "Tazama," husema, kisha hulishika kwa mikono miwili na kulichezesha, na wageni wakafumba macho. Mkewe Nyevu alimkataza asifanye hivyo watu wakiwa wanakula.

Sasa karani akilegea goti si neno, atakaa kitini aandike. Ngumbao alikuwa mgema. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipanda minazi kumi na miwili ya Bibi Barke pale Kisauni, ng'ambo ya njia ya Malindi, asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni na kibuyu mgongoni. Na mnazi unaogemwa haujui Jumapili wala msiba. Ncha ya karara, lile kole changa la maua, isipokatwa kidogo kila siku huziba, tembo, ile pombe ya mnazi, likakauka, na mti ukarudi kuzaa nazi kama miti mingine isiyo na shughuli. Kwa hiyo masika ya mwaka ule, mwaka wa pili tangu vita kwisha, Ngumbao alipoteleza akaanguka, mguu mmoja ukabaki umenasa kwenye kidato kilichochongwa shinani na mwili ukaenda kwingine, ilibidi apatikane mgema mwingine siku ile ile kabla ya magharibi.

Akapatikana Boga.

Na hapa nisimsingizie mtu: Boga alikuwa mtu mwema. Ndiyo taabu yenyewe. Angekuwa mwizi, au mwenye kiburi, Ngumbao angepata wa kumtukana na siku zingepita. Lakini huyu alikuwa mtu wa miaka thelathini, meno yote kinywani, anapanda mnazi huku anaimba, na kila asubuhi akishateremka alipitia kwa Ngumbao na kibuyu kidogo. "Nimekuletea la miti yako, mzee," husema. Kisha huchuchumaa, hutia mrija, huvuta funda moja, hulimeza mbele ya macho ya Ngumbao, husubiri kidogo, ndipo humpa.

Hiyo ndiyo desturi. Kwa Wagiriama na ndugu zao wote, anayekupa tembo hulionja kwanza yeye, ukimwona, ili ujue hakutia kitu. Hata mama yako mzazi akikupa, ataonja. Wala si tusi; asiyeonja ndiye anayekutukana. Na kila kibuyu huonjwa chake, hata viwe kumi kutoka mti mmoja. Basi Ngumbao alikunywa tembo la miti yake kutoka mkono wa mtu mwingine, tena lilikuwa zuri, na hilo lilimuuma kuliko goti.

Bibi Barke, mwenye shamba, alikuja kumwangalia mgonjwa. Alikuwa mjane wa watu wa Mvita, mtu wa swala tano, ambaye tembo hakulinusa maishani mwake na hakutaka kuambiwa vibuyu vina nini. Alikaa kitini, akatoa pole zake zote, akauliza hali ya binti yao Jumwa aliyeolewa huko Rabai, akanywa maji. Kisha akasema lililomleta.

"Ngumbao baba, Boga yuwataka kujua: yeye ni mgema ama ni mtu wa kushikilia? Nami sina la kumwambia. Nakupa mpaka Shaabani iandame. Siku ya kuandama mwezi uwe umepanda, nikuone kwa macho yangu. Usipopanda, miti ni ya Boga."

"Naam, Bibi," alijibu Ngumbao, kwa kuwa maneno yalikuwa ya haki na hakuwa na jingine.

Alipoondoka, Ngumbao alikaa akitazama ukuta. Shamba la kulima hakuwa nalo, kazi nyingine hakujifunza. Na pale Kisauni watu hawakumwita Ngumbao, walimwita Mgema. Wengine hata hawakujua kama ana jina jingine. Miti ikiondoka angebaki mzee mmoja mwenye goti.

Dawa zilikuwa zimekwisha kujaribiwa. Alikandwa kwa mafuta ya nazi, kwa samli, na kwa kitu kimoja ambacho Nyevu alikataa kukitaja mbele za watu. Mganga wa Jomvu alimchanja chale saba. Goti likacheza vile vile, sasa likiwa na chale. Mwishoni Nyevu akasema, "Baba Jumwa, twende kwa dresa," na kwa namna alivyosema haikuwa shauri, ilikuwa amri.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari katika zahanati ya mabati pale Kisauni, aliitwa Mwidani, Mdigo wa Likoni. Alikuwa ametumika jeshini Burma, kwenye hema za majeruhi, akarudi na mambo mawili: kuchoma sindano mtu asihisi, na soksi nyeupe za kufika chini ya goti ambazo alizipenda kuliko kitu chochote. Kila asubuhi alizivuta juu, akakunja vizuri, ndipo akafungua mlango. Foleni ilikuwa tayari nje, na nusu ya foleni ilitaka sindano. Miaka ile watu waliipenda sindano, jamani. Walikuwa wameona vidonda vya buba vikikauka kwa wiki mbili mtu akidungwa, basi wakaona dawa nyingine zote ni mzaha. Ukija na kidole kilichokatwa ukafungwa bendeji tu, uliondoka umenuna.

Mwidani alilishika goti la Ngumbao, akalichezesha huku na huku, akaguna.

"Mfupa haukuvunjika, mzee. Kuna kano hapa pembeni zinazoushika mfupa huu na huu. Zako zimevutika, hazijakaza tena. Daktari anayekuja Jumatano ameacha dawa mpya ya watu kama wewe. Nachoma pale kano inaposhikana na mfupa. Lakini nisikufiche, dawa yenyewe haitibu."

"Haitibu?"

"Inachokoza. Kano inakasirika, inavimba, inauma siku tatu au nne. Mwili unasikia fujo, unaleta damu, unaleta mafundi wake, na mafundi wakishafika wanakaza na kile kilichokuwa kimelegea. Mwili ndio unaotibu. Sindano ni ya kuuamsha tu. Tutachoma mara nne, kila Jumatatu."

Mwidani alisema hayo akitegemea mabishano, kwa sababu watu wawili wa kabla walikuwa wameondoka mbio. Ngumbao akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mti nao ni hivyo hivyo," alisema. "Ukiukata kidogo kila siku unaleta maji pale pale ulipoukata. Ukiuacha unalala."

Dresa alifurahi hata akataka kumkumbatia. Akachemsha sindano kwenye sufuria, akavunja kizibo, akavuta dawa, akaigonga kwa kucha, akapiga magoti. Ngumbao akaweka kiganja juu ya goti lake.

"Onja kwanza," alisema.

"Hii hainywewi, mzee."

"Najua hainywewi. Jichome."

Mwidani akacheka. Akageuka kuitazama foleni ili wacheke naye, na foleni haikucheka. Walikuwa watu kumi na wanne pale, na ukimtoa Mwangi, mgeni wa bara aliyekuwa mpishi wa Wazungu huko Nyali, wote walikuwa Wagiriama, Wachonyi na Warabai. Walikuwa wameinua shingo wakingoja. Bibi mmoja aliyekuja na jino lake bovu akasema kwa upole, "Mtu amesema neno la haki."

"Lakini mimi goti langu ni zima," alisema Mwidani.

"Na Boga anayeniletea tembo hana kiu," alijibu Ngumbao. "Si kwamba sikuamini, mwanangu. Nakuamini. Onja."

Mzungu angecheka akachoma. Lakini Mwidani, ingawa dini yake ilimkataza tembo, desturi aliijua. Babu yake mwenyewe alikuwa akiifuata. Alijua kwamba asipoonja, habari itafika Bamburi kabla ya adhuhuri: dresa amempa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe amekiogopa. Na baada ya hapo angekaa na sindano zake peke yake mle ndani. Akashusha pumzi, akachukua sindano nyingine, akavuta matone machache, akapandisha kaptula kidogo.

"Siyo paja," alisema Ngumbao. "Mimi siumwi paja."

Ikabidi soksi ishuke. Mwidani akajichoma pembeni ya goti lake zima, polepole, midomo ameibana.

"Hata haiumi," alisema, na chozi likamdondokea puani.

Ngumbao akaondoa kiganja.

Usiulize habari ya siku tatu zile. Goti lilivimba, likapata moto, na Ngumbao alifurahi kweli kweli, kwa kuwa dawa isiyouma hakuihesabu kuwa dawa. Nyevu alipokuja na kitambaa cha maji moto alifukuzwa. "Waache mafundi wafanye kazi," aliambiwa. Akaenda zake jikoni akinung'unika kwamba mafundi hao wangekuja miaka ishirini na sita iliyopita wangemkaza na kichwa.

Jumatatu ya pili Mwidani alimkuta Ngumbao wa kwanza kwenye foleni. Dresa mwenyewe alifika akichechemea, soksi moja juu, moja chini.

"Nimeshaonja," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulionja chupa ya wiki iliyopita," alisema Ngumbao. "Hii ni chupa nyingine."

"Dawa ni ile ile, mzee."

"Na tembo ni lile lile. Kila kibuyu huonjwa."

Foleni ikakubali kwa kuguna. Mwidani akajichoma tena. Na jambo likishaingia kwenye foleni huwezi kulitoa. Bibi wa jino alipopewa kwinini kwa homa aliyoongeza njiani, akaishika kiganjani akamtazama dresa. Mwidani akameza kidonge kimoja. Mama mmoja akaletewa dawa ya minyoo ya mwanawe, akangoja. Mwidani akaramba. Hata Mwangi, aliyekuwa akicheka wiki nzima na kuwasimulia wenziwe wa jikoni, alipopewa dawa ya kifua akaona kwa nini yeye apunjwe. Akairudisha mezani akakunja mikono. Ilipofika zamu ya mzee mmoja aliyefunga choo, akapimiwa chumvi ya haluli, Mwidani alisema, "Hii nakuomba uniamini." Mzee akasema wallahi anamwamini sana, ila aonje. Siku hiyo zahanati ilifungwa saa nzima, na watu walikaa nje wakingoja kwa adabu, bila kutazama upande wa chooni.

Jumatano daktari alipokuja alishangaa kuona dresa wake ana goti kubwa kuliko la mgonjwa, na masikio yanamvuma kwa kwinini. Akauliza kuna nini. Mwidani angeweza kusema. Angesema, siku ile ile ingetoka amri kwamba asiyetaka dawa aende zake, na nusu ya foleni ingekwenda zake kweli.

"Nilijikwaa, daktari," alisema.

Ngumbao alikuwa nje ya dirisha, amekuja kwa salamu tu, akasikia. Jioni alimwambia Nyevu kwamba yule Mdigo si mtu wa mchezo.

Jumatatu ya tatu Mwidani alikuja amelala na jambo hilo kichwani. Akainua chupa juu watu wote waione. Ilikuwa nusu.

"Chupa hii ni ile ya wiki iliyopita. Haikwisha. Niliionja mbele yenu. Sasa niulizeni watu wa tembo: kibuyu kikishaonjwa, mtu akanywa akabakisha, huonjwa tena?"

Ngumbao alifikiri. Aliigeuza habari hii upande huu na upande huu, akamtazama bibi wa jino, naye akainua mabega.

"Hakionjwi tena," alisema Ngumbao.

"Basi," alisema Mwidani, na sauti ilimtetemeka kwa raha. Tangu siku hiyo mitungi ya dawa ilifunguliwa Jumatatu asubuhi, dresa akaonja kila mmoja mara moja mbele ya mashahidi wawili, na wiki ikaenda. Sindano ya nne nayo ilitoka kwenye chupa ile ile, kwa kuibana mpaka tone la mwisho.

Wiki moja baada ya ile ya nne, Mwidani alilishika goti, akalisukuma huku. Halikwenda. Akalivuta kule. Halikuja. Akajaribu tena kwa nguvu, kisha akakaa chini sakafuni akacheka peke yake. Ngumbao akatembea bila fimbo mpaka Kengeleni na kurudi. Wageni walipokuja nyumbani walikuta goti halichezi tena, na wengine, nadhani, walisikitika kidogo.

Ilibaki wiki moja Shaabani iandame. Kila alfajiri, Boga akishateremka na kwenda zake, Ngumbao alikwenda kwenye mnazi wa kwanza, akautazama, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akausimamisha pale muda wa kuvuta kiko kizima. Kisha alirudi nyumbani.

"Vipi?" Nyevu huuliza.

"Bado kidogo. Ndani ndani kuna kitu kinachonivuta."

"Nenda kwa dresa basi."

"Kitaondoka chenyewe."

Jumatatu ya wiki ile mbuzi wa jirani yao Kioko aliingia kwenye mihogo, na Nyevu, akiwa jikoni, alimwona mumewe akiruka ua wa makuti kama mtu wa miaka ishirini, akamfukuza mbuzi mpaka njia kuu, akarudi anahema. Alipomwona mkewe anamtazama, akaanza kuchechemea. Nyevu akarudisha macho kwenye chungu chake. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka mingi, alijua lini aulize na lini asiulize.

Siku yenyewe ilifika. Bibi Barke aliletewa kiti chake, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, buibui lake limekaa vizuri. Boga alikuja, akaiweka kotama yake chini kwa heshima, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa si yake kusema neno. Bibi wa jino alikuwapo. Jino lilikuwa limeshang'olewa, lakini alikuwa ameanza jambo hili na alitaka kuona mwisho wake. Na Mwidani alifunga zahanati akaja, anaegemea fimbo, kwa maana lile goti lake lililokuwa zima sasa ndilo lililokuwa halitaki kukunjika sawasawa.

Ngumbao alisalimu watu wote. Akafunga kotama kiunoni, akakumbatia mnazi, akapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Goti lilikunjika, likanyooka, likamsukuma juu bila kelele. Watu walianza kunong'ona kwa furaha. Cha nne, cha tano, cha sita.

Hapo akasimama. Makuti ya paa la jirani yalikuwa usawa wa macho yake, vile vile kama siku ile ya kuanguka. Alijiambia: inua mkono. Mkono haukuinuka. Vidole vilikuwa vimeushika mti, na alivitazama kama vidole vya mtu mwingine. Alikaa pale kidogo, kisha akasikia miguu yake ikishuka, kidato kimoja, kingine, kingine, mpaka akahisi mchanga.

"Goti," alisema. "Limekataa."

Watu wote wakamgeukia Mwidani.

"Dresa," alisema Bibi Barke, "watwambiaje? Limepona ama halikupona?"

Mwidani alipiga magoti kwa shida, akaweka mikono yake pande mbili za goti la Ngumbao. Lilikuwa limekaza kama kigingi. Lakini mguu ulikuwa unatetemeka, wote, kutoka pajani hadi kwenye vidole, na mguu wa pili ambao haujawahi kuumwa nao ulikuwa unatetemeka. Kutetemeka huko Mwidani alikuwa amekuona Burma, kwa watu ambao hawakuwa na jeraha hata moja. Akainua uso. Ngumbao alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa yakiomba.

Dresa akainuka, akajipangusa mchanga.

"Halikupona, Bibi," alisema. "Dawa haikushika. Kosa ni langu, huenda nilichoma pasipofaa. Mzee asilaumiwe."

Minong'ono ikazuka. "Na mwenyewe akajichoma bure," alisema bibi wa jino, na mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wa pili. Mwidani alivuta soksi yake juu, ikagoma kupita pale palipovimba, akaiacha.

Ngumbao aliusikia uwongo ule na aliupenda. Alikuwa na haja ya kunyamaza tu. Angenyamaza, angekuwa mgema aliyeangushwa na goti, na hilo halina aibu. Watu wangempa pole mpaka siku ya kufa kwake. Miti ingekwenda, lakini jina lingebaki. Ila macho yake yalikwenda kwenye lile goti la dresa, juu ya soksi iliyogoma, na hakuweza kuyatoa hapo. Keshokutwa mtu mwenye goti legevu angefika zahanati, angeambiwa habari ya sindano, naye angesema: hiyo iliyomshinda Mgema? Haya ilimpanda Ngumbao mpaka masikio yakawa ya moto.

"Dresa anasema uwongo," alisema.

Kicheko kikakatika.

"Goti limepona. Limepona tangu juma lililopita. Jumatatu nilimkimbiza mbuzi wa Kioko mpaka njia kuu, mwulizeni mke wangu." Alimwonyesha Mwidani kwa kidole. "Sindano yake haina kosa. Ninaogopa, Bibi. Tangu nianguke naogopa. Nikifika pale kwenye kidato cha sita mikono inanikataa. Kila alfajiri naja hapa naogopa, narudi nyumbani nasingizia goti. Hilo ndilo jambo lenyewe."

Boga alikuwa akitazama chini. Ngumbao alisimama pale mikono imelegea, akingoja miti yake iondoke, na alihisi amevuliwa nguo mbele za watu, tena amechoka, tena mwepesi kidogo. Nyevu alikuja akasimama karibu naye. Hakumgusa.

Bibi Barke alitengeneza buibui lake.

"Mwezi waandama magharibi," alisema. "Saa hizi hata adhuhuri haijaadhiniwa. Nilisema apande nimwone. Kwani nilisema asiogope?"

Ngumbao akamtazama. Kisha akautazama mnazi, akaukumbatia tena.

Alipanda vibaya. Mgema wa miaka ishirini na sita alipanda kama mtu anayeuona mti kwa mara ya kwanza, kifua kimebanwa kwenye shina, akitafuta kila kidato kwa vidole vya mguu. Kwenye kidato cha sita alikaa muda mrefu mno, hata watu wakachoka kutazama na bibi wa jino akaanza kumenya muhogo. Alilia kidogo pale juu, wazi wazi, hakuwa tena na cha kuficha. Mkono mmoja ukaachia, ukashika juu zaidi. Bibi Barke aliingia ndani kuswali adhuhuri, akatoka, akamkuta amefika nusu. "Yuwaenda," alisema, akakaa tena. Mwidani alikuwa na foleni inayomngoja na hakuondoka. Goti lilikunjika na kunyooka kila lilipoombwa.

Jua lilikuwa limekwisha kupinda alipoingiza mkono ndani ya makuti na kujivuta katikati ya kilele. Walimsikia akihema. Kisha walisikia kotama ikikata ncha ya karara, mara moja, kwa wepesi, namna ambayo mkono hausahau. Boga aliinama akaiokota kotama yake, akaichomeka kiunoni. Alikuwa akitabasamu, ingawa yeye ndiye aliyepoteza.

Ngumbao alitazama chini. Aliona vichwa, akaona fimbo ya dresa, akaona jinsi mchanga ulivyo mbali, akalikumbatia kuti kwa mikono miwili.

"Mama Jumwa," aliita.

"Abee."

"Leo nitachelewa kushuka."

Nyevu alivua leso yake ya juu, akaitandika chini ya mnazi, akakaa akanyoosha miguu.

"Chelewa tu," alisema. "Tupo."